Kabla hujamlipa fundi wa tovuti: maandalizi ya mkulima anayeuza

Wiki hizi swali lile lile limenifikia kutoka kwa watu tofauti: "Afisa, nataka kufungua tovuti ya biashara yangu, nianzie wapi?" Wengine wameshatajiwa bei na fundi, na mmoja ameshatoa na advansi. Nimeona tulifanye somo kabisa, maana sehemu ngumu ya tovuti haipo kwa fundi. Ipo kwako wewe, na inafanyika kwa kalamu na daftari kabla hujawasha kompyuta ya mtu.

Mfano wangu leo ni kitalu cha miche ya parachichi huku Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu ndiyo biashara ninayoiona kila siku. Wewe wa vitunguu au wa vifaranga utabadilisha maneno mwenyewe, mambo ni yale yale.

Mteja wako ni nani, na anatafuta wapi?

Tuanze na ukweli: siyo kila mkulima anahitaji tovuti. Kama unalima nyanya na dalali anakuja na fuso yake mpaka shambani, dalali huyo hatafuti kwenye Google. Anatafuta njia ya gari inayopitika na tenga lililojaa. Hela ya tovuti weka kwenye mbolea.

Lakini mwenye kitalu cha parachichi ana mteja wa aina nyingine. Kuna mfanyakazi wa Dodoma au Dar es Salaam aliyenunua ekari tatu Njombe na anaendesha shamba kwa simu. Kuna shirika linalotaka miche elfu kadhaa ya kugawa kwa vikundi. Kuna kampuni ya kununua matunda inayotaka kujua nani ana Hass ya kweli. Hawa hawakufahamu, hawana shemeji kijijini kwako, na kabla ya kupiga simu wanaandika "miche ya parachichi Njombe" wanaangalia kinachokuja. Kama hupo hapo, wanampigia mwingine.

Halafu kuna jambo jingine. Wengi wao wameshalizwa. Mtu alituma hela ya miche kwa mtu wa kwenye kikundi cha WhatsApp, miche haikufika, au ilifika na baada ya miaka mitatu ikagundulika ni parachichi za kienyeji. Kwa hiyo mteja huyu akifungua tovuti yako haji kuangalia rangi nzuri. Anakuja kutafuta sababu ya kukuamini, na pia sababu ya kukukwepa. Kila unachoandaa kiandae ukimfikiria yeye.

Hesabu kwanza, hata kama ni ya makadirio. Tuseme kwa mwaka tovuti itakugharimu shilingi 300,000 ukijumlisha kila kitu, na kila mche unakuachia faida ya shilingi 1,000. Unahitaji kuuza miche 300 ya ziada ili hela yako irudi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inachukua miche kama 82. Maana yake ni wateja wawili wa ekari mbili mbili ambao wasingekupata bila tovuti. Hiyo inawezekana kwa kitalu cha miche elfu tano. Kwa kitalu cha miche mia nne bado. Weka namba zako halisi hapo, siyo zangu, ndipo uamue.

Daftari la maswali

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote na ndilo ambalo watu wanaliruka. Fungua WhatsApp yako, rudi nyuma msimu mzima uliopita, soma mazungumzo ya wateja. Kila swali walilouliza liandike kwenye daftari. Likijirudia, piga alama pembeni. Usibadilishe maneno yao, andika vile vile walivyouliza.

Utapata orodha kama hii ambayo kijana mmoja alinionyesha: Mche bei gani? Hii ni Hass kweli au ya kienyeji? Ekari inachukua mingapi? Inaanza kuzaa lini? Mnasafirisha mpaka Songea? Nikituma hela nitajuaje mmeipata? Ikifa njiani inakuwaje? Kitalu kiko wapi hasa?

Sasa mkae chini mjibu, swali moja aya moja fupi. Hayo majibu ndiyo tovuti yako. Fundi anaweza kupanga kurasa na rangi, lakini hawezi kujua kwamba mche wako umebebeshwa kikonyo kutoka kwenye mti mama upi. Ukimwachia yeye aandike, atakuletea maneno ya "sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora na ubunifu", na yule mfanyakazi wa Dodoma akisoma hivyo hajapata jibu hata moja. Ataondoka.

Jibu zuri lina namba na lina mipaka. Kwenye swali la kuzaa, usiandike "inazaa haraka sana". Andika kwamba mche wa Hass uliobebeshwa, ukitunzwa vizuri, unaanza kutoa matunda ya kuvuna kuanzia mwaka wa tatu hivi, na kwamba mavuno ya miaka ya kwanza ni madogo. Mteja anayejua kilimo ataona unajua kazi. Asiyejua atakuwa na matarajio ya kweli, hatakutukana baadaye. Kwenye swali la miche kufa njiani, amua kabla: unarudishia, hurudishii, au unarudishia nusu? Kama huna jibu, huko siyo kukosa maneno, ni kwamba biashara yenyewe bado haijapangwa, na bora uligundue leo.

Bei uiweke au usiiweke? Nimesikia wakulima wakibishana sana hapa. Maoni yangu: bei ya miche iweke, pamoja na tarehe, mfano "bei ya Oktoba mpaka Disemba", na kiwango cha chini cha punguzo kwa anayenunua mingi. Ukificha bei, mteja anadhani unampima mfuko kwanza. Bei ya matunda usiiweke, inapanda na kushuka kila wiki na utagombana na watu. Na ukiuza mazao, taja kilo. Usije ukaandika "gunia" halafu picha inaonyesha lumbesa, maana umejichongea mwenyewe kwa watu wa Wakala wa Vipimo.

Vitambulisho vya biashara

Jina la biashara lisajiliwe BRELA kabla ya tovuti, siyo baada. Sababu ni ya kawaida tu: unaweza kuchapisha jina kwenye tovuti, kwenye kibao na kwenye viriba, halafu ukaenda kusajili ukakuta kuna mwenye jina hilo au linalofanana nalo. Usajili unafanyika kwa mtandao, na ukitafuta kwanza unaona kama jina lipo. TIN ya TRA nayo uwe nayo, mashirika na kampuni hawanunui kwa asiye na risiti.

Kama kitalu chako kimekaguliwa na kusajiliwa na TOSCI, hiyo ni dhahabu, iweke ukurasa wa kwanza. Kama bado, usiandike "miche iliyothibitishwa" kwa sababu tu jirani ameandika hivyo. Ukisindika mafuta ya parachichi na una alama ya TBS, onyesha. Huna, usiazime picha ya alama kutoka kwenye chupa ya mwenzio.

Halafu hili dogo ambalo linaua mauzo: namba ya malipo. Mteja akilipa kwa Lipa Namba, kabla ya kuthibitisha anaona jina kwenye simu yake. Tovuti ikisema Kitalu fulani halafu simu ikaonyesha jina la shangazi yako, vidole vinasita na anaghairi. Jina la biashara, jina la tovuti na jina la malipo viendane. Panga hilo kabla ya kutangaza popote.

Jina la tovuti, na nani analimiliki

Anwani ya tovuti kitaalamu huitwa jina la kikoa, mafundi wengi wanasema domeini. Kwa biashara hapa kwetu jina linaloishia na .co.tz linatosha kabisa na linamwambia mteja uko Tanzania. Majina yote ya .tz unayasajili kupitia wasajili walioidhinishwa, siyo kwa fundi yeyote mwenye kompyuta. Unalipia kwa mwaka, na usipolipia linakufa, baadaye mtu mwingine anaweza kulichukua.

Chagua fupi, lisilo na vistari. Lipime hivi: mpigie mtu simu, mtamkie jina mara moja, mwambie aandike kwenye karatasi. Waambie watu watano. Kama wawili wamekosea, badilisha. Majina yenye r na l yanasumbua mno, kuna anayeandika parachichi na kuna anayeandika palachichi, na wote ni wateja wako. Tena usijifunge na zao moja. Leo unauza Hass, miaka minne mbele unaweza kuwa unauza tufaha na makadamia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya hasa niandike somo hili. Kuna kikundi cha vijana, kitalu kizuri, miche safi, walitengenezewa tovuti na fundi wa mjini. Bei ilikuwa nafuu, kazi ilipendeza, wakaandika anwani ile kwenye kibao cha barabarani na kwenye risiti. Hata barua pepe yao ilikuwa ya jina lile lile. Mwaka ukaisha. Fundi alikuwa amebadilisha namba ya simu, hapatikani. Mwezi wa kumi na moja, mvua zinaanza na watu ndiyo wanatafuta miche, tovuti ikazima, na barua pepe ikazima nayo. Kulikuwa na shirika linalojadiliana nao oda kubwa kwa barua pepe. Ujumbe wao ukawa haufiki. Shirika likasubiri, likaenda kwa mwingine.

Vijana walipoenda kwa msajili kulipia wenyewe, wakaambiwa jina hilo halijasajiliwa kwao. Kwenye kumbukumbu za usajili mwenye jina ni fundi, barua pepe ni ya fundi, simu ni ya fundi ile isiyopatikana. Msajili hakuwa na kosa, hawezi kumpa mtu mali ya mtu mwingine kwa sababu anasema ni yake. Walibaki na kibao kinachoelekeza watu kwenye anwani isiyofunguka, na miche zaidi ya elfu mbili ikavuka msimu kwenye viriba, mizizi ikaanza kuzunguka humo ndani. Fundi hata hakuwa mwizi, nadhani. Alisajili kwa jina lake kwa sababu ilikuwa rahisi na hakuna aliyemwambia asifanye hivyo.

Kwa hiyo fungua kwanza barua pepe ya biashara inayojitegemea, isiyofungamana na tovuti, ambayo nywila yake unaijua wewe. Namba ya simu ya kuirudishia iwe laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole, ili hata simu ikiibiwa unaweza kuirudisha laini. Kisha jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la biashara yako na kwa barua pepe hiyo. Lipia mwenyewe, au kaa na fundi pembeni yake wakati analipia, uone jina linaloandikwa. Nywila ya akaunti ya msajili na ya sehemu tovuti inapohifadhiwa ziandike kwenye daftari, likae panapokaa hati ya shamba. Kama ni kikundi, wajue watu wawili, siyo mwenyekiti peke yake.

Picha

Usichukue picha Google. Parachichi linalong'aa la shamba la Mexico kila mtu ameshaliona, na likionekana kwako mteja anajua hata miche ni ya kuunga unga.

Piga mwenyewe kwa simu, saa moja na nusu mpaka saa tatu asubuhi, jua likiwa bado laini. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, mikono yetu ina udongo. Piga kitalu kizima, piga kibao cha kuingilia, piga mche mmoja karibu ili kiungio cha kubebeshea kionekane vizuri, na mkono au rula pembeni ili urefu ujulikane. Piga mti mama ukiwa na matunda yake. Piga gari ikipakia. Picha nane mpaka kumi za kweli zinatosha.

Picha moja ya simu janja inaweza kuwa na MB 3 au 4. Kumi ni kama MB 40, mteja mwenye bando dogo hawezi kusubiri hiyo. Mwambie fundi azipunguze, kila moja iwe chini ya KB 200, hapo kumi zote hazifiki hata MB 2. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti.

Watu walio kwenye picha waombe ruhusa, hata vibarua. Na usiweke majina na namba za simu za wateja wako ili kuonyesha umeuza sana. Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, taarifa za mtu si za kuanika hovyo, na hata bila sheria si ustaarabu.

Kukubaliana na fundi

Ukifika kwake na daftari lenye majibu, picha, jina na vitambulisho, mazungumzo yanakuwa mafupi na bei mara nyingi inashuka, kwa sababu nusu ya kazi umeifanya. Kurasa nne zinatosha kuanza: ukurasa wa mwanzo, bidhaa na bei, sisi ni nani na tuko wapi, na maswali ya wateja. Mawasiliano yawe chini ya kila ukurasa. Mambo ya mteja kulipia moja kwa moja kwenye tovuti achana nayo kwa sasa. Mteja wa miche anataka kuongea na mtu kabla ya kutuma hela.

Muulize gharama za mara moja ni zipi na za kila mwaka ni zipi, aziandike zimetengana. Muulize baada ya kumaliza, wewe unaweza kubadilisha bei mwenyewe kwa simu? Akisema lazima umpigie yeye na umlipe kila mara, tafuta mwingine. Bei ya msimu wa juzi ikibaki kwenye tovuti, mteja anadhani mmefunga. Anwani ianze na https, lile kufuli, vinginevyo simu ya mteja inamwonya kwamba tovuti si salama. Vyeti vya kufuli hilo vinapatikana hata vya bure, mfano vya Let's Encrypt, kwa hiyo usikubali kutozwa kama umenunua kufuli la chuma. Muulize pia nakala ya tovuti inahifadhiwa wapi ikitokea imeharibika. Yote yawe kwenye karatasi, mmesaini, na nusu ya malipo ibaki mpaka akukabidhi nywila zote na umezijaribu mwenyewe zikafunguka.

Fanya haya kiangazi. Tovuti mpya inaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka Google waijue, na huku kwetu mvua za kupandia zinaanza Novemba au Disemba. Ukianza kutafuta fundi Novemba, tovuti itakuwa tayari wakati watu wameshapanda. Wakati unasubiri, jiandikishe kwenye ramani za Google, ni bure. Uwekaji wa alama ufanye ukiwa umesimama kitaluni kwenyewe, siyo nyumbani, ili dereva wa mteja asiishie kuambiwa "pita mkaratusi mkubwa ukunje kulia".

Siku fundi akisema amemaliza, usiangalie kwenye kompyuta yake. Chukua simu ya bei ya chini yenye bando la kawaida, simama stendi, fungua. Ikizidi kuhesabu kumi bado inazunguka, irudishe kwake. Bonyeza kitufe cha WhatsApp uone kama kinafika kwako. Kwenye kiungo cha wa.me namba inatakiwa ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, na mafundi wengi wanaisahau hiyo. Piga na namba ya kawaida. Kisha weka kwenye kalenda ya simu tarehe ya kulipia jina, mwezi mzima kabla halijaisha.

Jumatatu na Alhamisi asubuhi nipo ofisi ya kata. Mwenye daftari la maswali aje nalo tulipitie, na aliyepewa karatasi ya makubaliano na fundi aje nayo kabla hajasaini.